Dhahabu ya Jasini na pesa za chama

Mimi ni mama wa miaka 36, nina kibanda cha M-Pesa karibu na steji ya Lunga Lunga. Marehemu bibi yangu wa Vanga aliniachia pauni moja ya dhahabu iliyochomelewa kishikizo, alikuwa akiivaa kwenye mkufu siku za arusi. Tangu nilipoipata nimependa sarafu za kale. Nimeshaweka senti zenye tundu, rupia mbili za fedha na vipesa vya shaba. Mwaka huu nikaazimia nikusanye za dhahabu.

Kuna kijana anayevuka kutoka upande wa Horohoro. Amenionyesha kwenye simu picha za sarafu kumi za dhahabu za Mjerumani, zina tembo na zimeandikwa 1916, pamoja na dinari mbili za Kilwa. Anasema askari wa Kijerumani walizifukia Jasini siku ya vita vya 1915 na babu yake alionyeshwa shimo. Zote anazitoa kwa shilingi 300,000, lakini kwanza kuna mganga wa kufukiza ubani ili mali ikubali kutoka. Nimeshatoa arbuni ya 60,000. Katika hizo, 45,000 ni za chama chetu cha akina mama, na mimi ndiye mweka hazina. Zilizobaki 240,000 anazitaka kabla ya Ijumaa, la sivyo atampa mnunuzi wa Dubai. Mume wangu yuko Maskati, hajui lolote. Nimewaza nichukue pesa za mgao, nikishazipata nitauza sarafu mbili nirudishe kabla ya Disemba. Nishauri.

S.M., Lunga Lunga

Mwanangu S.M. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza lililonigusa ni ile pauni ya bibi. Umeihifadhi, hukuipeleka kuyeyushwa ukatengenezewa bangili za kisasa kama walivyofanya wengi. Mwanamke wa Vanga aliyeivaa dhahabu hiyo arusini alikuwa amevaa akiba yake na heshima yake, na akakuchagua wewe. Kwa hiyo sitakwambia kwamba kukusanya sarafu ni upuuzi. Ni kazi nzuri, na pwani hii inawahitaji watu wa kuifanya. Najua pia kwamba hukutia mkono kwenye pesa za wenzako kwa nia ya kuwaibia. Ulikusudia kuzirudisha.

Lakini umefika mahali pa kusimama, na nitakueleza kwa nini, hatua kwa hatua, ili uone kwa macho yako badala ya kuniamini mimi tu.

Sarafu yenye tembo

Sarafu unayoelezwa ipo kweli duniani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, Wajerumani wa Afrika Mashariki walizibiwa njia za baharini na manowari za Waingereza, pesa kutoka kwao zikakatika. Wakaamua kujitengenezea. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, waligonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, upande wa Singida. Upande mmoja ina tai wa dola ya Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, pamoja na mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Uzito wake ni gramu 7.17 hivi, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu safi. Zilitoka kama 16,200 tu, kisha Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora.

Rupia 15 hazikuchaguliwa ovyo. Katika hesabu za wakati ule rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Kwa maneno mengine, sarafu ya tembo na pauni ya bibi yako zilikuwa na thamani moja sokoni, ijapokuwa ya bibi ina dhahabu zaidi.

Sasa tazama barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba sarafu zina mwaka 1916. Mistari miwili chini yake umeandika kwamba zilifukiwa Jasini siku ya vita vya 1915. Vita vya Jasini, hapo ng'ambo tu ya mpaka wenu, vilipiganwa tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck waliizingira ngome waliyoishika askari wa Kihindi wa jeshi la Mwingereza mpaka wakasalimu amri. Wazee wa Vanga na Jimbo walirithi habari zake. Siku hiyo hakuna mtu yeyote duniani aliyekuwa na sarafu ya Tabora mfukoni, kwa sababu ilikuwa haijatengenezwa. Isitoshe, walioshinda siku ile ni Wajerumani wenyewe. Mshindi hafukii mali na kukimbia.

Mwanangu, kijana huyo hakusoma hata tarehe ya kitu anachokuuzia. Na wewe, kwa kuipenda dhahabu, tarehe zote mbili uliziandika kwa mkono wako zikakupita.

Hesabu ya gramu

Tuiache hadithi, tupige hesabu. Robo tatu ya gramu 7.17 ni kama gramu 5.4 za dhahabu safi ndani ya kila sarafu. Bei ya gramu moja ya dhahabu safi siku hizi imeshapita shilingi 10,000. Hata tukiishusha mpaka hapo, kila sarafu ina dhahabu ya zaidi ya shilingi 50,000, na sarafu kumi zina zaidi ya nusu milioni. Hapo hatujataja ukale wake wala uchache wake. Kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, sarafu hiyo moja ikiwa ya kweli huuzwa zaidi ya dola elfu moja, na iliyo safi hupanda mbali na hapo.

Yeye anakuuzia kila moja kwa 30,000. Kama kweli ni dhahabu, kwa nini asiingie kwa sonara yeyote wa Tanga akalipwa karibu mara mbili kabla ya adhuhuri, bila mganga, bila Ijumaa, bila kumtafuta mama wa kibanda cha M-Pesa? Anayeuza dhahabu chini ya bei ya dhahabu, ama hana dhahabu, ama ana ya kuibwa. Vyote viwili vitakuja kugonga mlangoni kwako.

Na huenda siku ya siku atakuletea kitu cha njano kweli. Karakana ileile ya Tabora, mwaka uleule, iligonga pia sarafu za heller 20 za shaba ya manjano, na nyingi sana. Nazo zina 1916, nazo zina herufi T. Zina taji na neno HELLER, hazina tembo. Ukionyeshwa usiku kwa mwanga wa simu, moyo ukidunda, utasoma 1916 na T na utaziona dhahabu. Heller hizo ni sarafu halali za kukusanya na mimi ningependa uwe nazo, lakini bei yake haikaribii hata kidogo ile unayoombwa.

Habari ya mganga na ubani sitairefusha. Dhahabu ni madini. Aliyeifukia alikufa, na haikatai kutoka ardhini kwa kukosa moshi. Ubani umewekwa pale ili ujiulize kama umekosea masharti, badala ya kujiuliza kama umeibiwa. Mali ikikataa kutoka, utaambiwa kuku alikuwa na doa, uongeze 20,000. Ijumaa nayo imewekwa ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Na yule mnunuzi wa Dubai ni ndugu yake Ijumaa.

Dinari za Kilwa

Hapa ndipo penye hatari ambayo hukuiona kabisa, kwa sababu wewe ulizichukulia kama nyongeza.

Masultani wa Kilwa waligonga sarafu za shaba kwa maelfu, zenye majina yao na maneno ya kumsifu Mwenyezi Mungu yaliyopangwa kwa vina. Chache za Kilwa ziliokotwa hata kwenye kisiwa kimoja kaskazini ya Australia, mwaka 1944. Za dhahabu ni jambo jingine. Zinazojulikana ni za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na wataalamu walipoandika habari zake mwaka 1991 zilikuwa tatu. Tatu, mwanangu. Kijana wako anazo mbili, naye anakupa kama bakshishi.

Basi chukulia ni bandia, na nina hakika ni bandia. Lakini hebu tuseme, kwa kubishana tu, kwamba ni za kweli. Zitakuwa zimetoka kaburini au magofuni. Sheria ya Tanzania ya mambo ya kale, ya mwaka 1964, inavilinda vitu vya kabla ya 1863, na kuvitoa nchini bila leseni ni kosa. Ukiweka mguu upande wa Kenya, kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Kitu cha kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, kilichomo ardhini ni mali ya serikali, na anayegundua kitu cha aina hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Nawe unaishi mjini ambako kituo cha mpaka ni kimoja, maafisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja, nao wanakujua kwa jina. Ukishikwa na dinari za Kilwa kwenye mkoba, hakuna atakayesikiliza habari za bibi yako wa Vanga.

Na kuna jambo lililo zito kuliko polisi. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wataalamu walifukua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya wa Misri. Kwa kuwa zilifukuliwa kwa utaratibu, tukapata majina ya watawala wa pwani hii ambao hakuna aliyekuwa akiwajua. Sasa fikiria Vumba Kuu, hapo karibu na Vanga, walikotoka madiwani wa Vumba. Kila shimo linalochimbwa usiku kwenye mji kama ule linafuta ukurasa ambao hautaandikwa tena. Wewe unayependa sarafu ndiwe wa kwanza kuumia. Usiwe mnunuzi wa shimo la usiku.

Pesa za wenzako

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na ulijua nitafika.

Zile 45,000 si zako. Si mkopo, kwa sababu mkopo una anayekubali kukopesha. Kuna mama katika chama hicho anayeuza mabuyu na mihogo ya kukaanga nje ya shule, anakuletea mia mbili kila wiki ikiwa na harufu ya mafuta, na Disemba anaitegemea kulipia sare za watoto. Hakukupa pesa kwa kutegemea elimu yako ya sarafu. Alikupa kwa sababu ya jina lako.

Umeniandikia kwamba utauza mbili urudishe. Utamuuzia nani? Hapo Lunga Lunga hakuna anayenunua sarafu ya Tabora kwa bei yake. Mombasa sonara atakupa bei ya gramu, tena baada ya kuipima. Mnada wa Ulaya huchukua miezi na huuliza kitu kilitoka wapi na kwa karatasi gani. Hata kama kila kitu kingekuwa cha kweli, Disemba ingekukuta na sarafu mkononi na wanawake ukumbini. Mpango wako haukuwa na mlango wa kutokea hata siku ulipoupanga.

Ukiongeza 240,000 juu ya hizo, utakuwa umemaliza mgao wote. Kibanda chako kinasimama kwa kuaminika. Nani atamwachia kadi na kitambulisho mwanamke aliyekula pesa za chama? Watu wa nyumbani kwako watasemwa kisimani. Mume wako atasikia akiwa Maskati, na atasikia kwa mtu mwingine, ikiwa imeongezwa chumvi. Chama chenyewe kitakufa. Nimeviona vikifa, na akina mama waliochomwa hivyo hukaa miaka hawaweki pamoja hata shilingi.

Utakalofanya wiki hii

Una njia tatu, na mbili naziziba sasa hivi. Ya kwanza ni kumalizia malipo kwa kuogopa kupoteza arbuni. Arbuni imeshapotea, mwanangu. Kuifuata kwa 240,000 hakuirudishi. Ya pili ni kunyamaza, ukatafuta 45,000 kwa kukopa kwenye simu kimyakimya na kuziba pengo kabla ya mtu kujua. Najua hii ndiyo inayokuvutia zaidi. Mikopo ile ya simu ina riba ya kukaba koo, na siku ukichelewa huenda wakapigiwa simu watu walio kwenye orodha yako, mwenyekiti wa chama akiwemo. Utafichuka kwa aibu kubwa kuliko ya kusema mwenyewe.

Iliyobaki ni ngumu na ni moja. Kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa chama, usiende na zawadi, usiende na hadithi ndefu. Mwambie: nimechukua 45,000, nimetapeliwa, nitazirudisha kwa mafungu haya na haya. Mkabidhi hapo hapo simu ya chama na daftari, kabla hujaombwa. Pendekeza mwenyewe wawili wengine washike namba ya siri na kitabu kuanzia siku hiyo. Kisha kikao kiitwe, useme mbele ya wote. Utalia, na kuna watakaokutolea maneno. Vumilia. Mwizi hajileti mwenyewe, na hilo wataliona hata wenye hasira, kama si siku ile basi baadaye.

Usiku uleule mpigie mume wako. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Mtu anayekesha kazini ugenini kwa ajili ya nyumba yenu anastahili kusikia sauti yako.

Jumbe za M-Pesa usizifute, wala picha, wala mazungumzo na kijana huyo. Zipeleke polisi, uandikishe, upewe namba ya taarifa. Pengine hutaona shilingi yako, lakini kuna mama mwingine Perani au Mwangulu anayeonyeshwa picha zilezile wiki hii. Na akitokea mtu wa kukwambia kwamba anaweza kukurudishia pesa ukimtumia kwanza ada ndogo, jua ni watu walewale wamebadilisha laini. Kwenda kukutana naye mpakani usiku ili umkabili usithubutu. Mtu wa namna hiyo haji peke yake.

Ukishalipa deni, kusanya

Sikukatazi. Lakini lipa deni lote kwanza, mpaka senti ya mwisho, kabla hujanunua hata kipesa cha shaba.

Kisha anza na ile uliyonayo. Nenda kwa sonara mwenye jina Mji wa Kale, Mombasa, au nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, haina bei kubwa. Pauni ya Kiingereza ina gramu 7.99, upana wake ni milimita 22 na ushei, na dhahabu yake ni ya karati 22. Ya bibi itazidi uzito kidogo kwa sababu ya kishikizo. Kwa pauni isiyo na kishikizo, fanya hivi: weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji isiguse chini wala ukingoni. Mizani itasoma karibu 0.45. Kipande cha shaba ya manjano cha uzito huohuo kitasoma kama 0.94, kwa sababu shaba ni nyepesi na inahitaji umbo kubwa zaidi kufikia uzito ule. Ni kipimo cha bilauri na uzi, na hakihitaji ubani. Ukiona muuzaji anakataa sarafu yake kuchovywa majini, mshukuru uondoke.

Usiisugue. Si kwa ukwaju, si kwa jivu, si kwa dawa ya meno. Mkusanyaji hulipia uso wa sarafu, na mikwaruzo ya msuguo haitoki tena. Kile kishikizo nacho usikitoe. Kimeipunguzia sarafu bei kwa wakusanyaji, ni kweli, lakini ya bibi haiuzwi.

Ukitaka kuongeza pauni nyingine, unaye mtu Maskati. Anunue moja kwa mwaka, kwenye duka lenye leseni, apewe risiti yenye uzito na karati, na akija aitangaze forodhani. Jua pia kwamba katikati ya karne iliyopita Beirut zilitengenezwa pauni za kuigiza nyingi, zenye dhahabu ya kweli ndani lakini si za kiwanda cha Kiingereza. Kama unataka akiba tu, hazikudhuru sana. Kama unataka historia, linganisha herufi na tarehe na picha za kuaminika kabla ya kulipa.

Halafu nikupe maoni yangu, uyachukue au uyaache. Mkusanyo mzuri wa pwani yetu haulazimiki kujaa dhahabu. Kuna pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Unguja za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Mwaka uleule aligongesha na riyali za dhahabu, lakini hizo ni adimu mno, hata usizipigie hesabu. Kuna pesa za shaba za 1888 za ile kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani, zilizoandikwa Mombasa. Kuna riyali ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, ambayo imegongwa tena na tena ikibaki na mwaka 1780. Kuna hizo heller za Tabora. Nyingi kati ya hizi unaweza kuzinunua kwa faida ya kibanda, mchana, bila kumficha mtu. Ukizipanga zikasimulia jinsi bibi yako alivyouza na kununua, na mama yake kabla yake, utakuwa na kitu ambacho mwenye dhahabu kumi za Tabora kabatini hana.

Na siku Mungu akikujalia kipato kikubwa, dhahabu ya nyumbani ipo pia. Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu za dhahabu za Mzee Jomo Kenyatta za shilingi 100, 250 na 500, za karati 22. Za 500 zilitoka 500 tu. Hizo zina maandishi, zina historia ya wazi, na hakuna aliyezifukua Jasini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila sarafu iandike: ulinunua kwa nani, lini, kwa bei gani, uzito gani. Ambatanisha risiti. Zile za kabla ya 1895 ziwekee alama, maana kuzitoa Kenya kunataka kibali. Ukifikisha gramu 85 za dhahabu safi, ambazo ni kama pauni kumi na mbili za bibi, na zikakaa mwaka, zina zaka ya asilimia 2.5. Muulize sheikh wako, kwa sababu sarafu haihesabiwi kama pambo la mwilini. Na mtu mmoja wa nyumbani kwako ajue daftari liko wapi.

Mwisho, chukua kioo cha kukuzia uitazame pauni ya bibi upande wa mpiga farasi na joka. Juu ya mwaka, kwenye ardhi chini ya farasi, huenda ukakuta herufi ndogo. S ni ya Sydney, M ni ya Melbourne, P ni ya Perth, SA ni ya Pretoria. Ukikuta I na mwaka ni 1918, basi iligongwa Bombay, mwaka huo mmoja tu, na huenda ilishuka pwani hii kwa njia ya jahazi. Niandikie umekuta nini. Lakini barua hiyo uitume baada ya kikao cha chama, na mistari yake ya kwanza iwe ya habari za kikao.